Kanyaga, Usiachie: Safari ya Kaka Yetu, Dereva wa Mikate

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi madereva mliokosa viti mkasimama ukutani, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kanyaga, na nikikwama katikati naomba mnivumilie.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, na baadaye akasomea udereva chuoni, ambako alifundishwa kwamba kwenye barabara yenye maji unagusa breki na kuachia, unagusa na kuachia, maana tairi likijifunga huteleza kama sabuni na usukani hauna kazi tena. Kwa magari ya wakati ule lilikuwa somo sahihi, naye alilishika mpaka mguu wake ukawa unalifanya bila kumwuliza.

Mwaka 1982 aliajiriwa na kiwanda cha mikate, na tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, ambaye husema alimkubali kwa sababu wachumba wengine walikuja na maneno, yeye akaja na mkate wa moto, na mwaka 1992 wakajaliwa binti yao mmoja.

Mwezi Aprili 2009 kiwanda kilimkabidhi gari jipya la mizigo, akaonyeshwa mahali pa kujazia mafuta, basi. Tarehe 20 ya mwezi huo, mvua ikinyesha, akiwa anateremka kuelekea darajani, lori la mbele lilisimama ghafla, kaka akakanyaga breki huku akilikwepa, na pedali ikaanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu wake, akadhani breki imekatika, akaachia ili akanyage upya, na kabla mguu haujarudi gari lilikuwa limeshaingia kwenye ukuta wa daraja. Dashibodi ilimbana miguu, akabaki humo hadi jioni huku vyuma vikikatwa kidogokidogo, na mpakiaji wake, ambaye hakupata hata mkwaruzo, alikataa kushuka, akakaa kando yake akimsimulia habari za mpira.

Miguu haikupona. Fundi wa kiwanda alipima gari na kusema breki zilikuwa nzima, mguu ndio ulioachia, na kaka alirudi nyumbani na maneno hayo, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, chumba chenye dirisha juu ya makutano ya barabara, ambako kila tairi lililolia kule chini lilimfanya ashike mikono ya kiti. Aliomba pazia lisifunguliwe. Siku moja nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mdogo wangu, mimi bado nimo ndani ya lile gari."

Aliyemjibu alikuwa shemeji, akiwa kwenye cherehani, bila kuinua macho. "Nani alikuambia pedali itatetemeka?" Kaka akasema, "Hakuna." Shemeji akasema, "Basi kuna wengine ambao hawajaambiwa."

Ndivyo madereva mlivyoanza kupanda zile ngazi. Aliwaeleza, kama fundi alivyomweleza yeye, kwamba kwenye magari mapya kila gurudumu lina kifaa kinachoangalia mzunguko wake, na gurudumu likitaka kujifunga, mtambo wa gari hulegeza breki yake na kuibana tena, haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote, na mtetemo mnaousikia ndiyo kazi yenyewe ikifanyika. Kisha aliweka viganja vyake chini ya mguu wa dereva, akamwambia akanyage, akavitikisa, akasema, "Kanyaga, usiachie, kata usukani." Alionya pia kwamba kwenye changarawe gari huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na kwamba mtambo haukupi miujiza, unakupa usukani tu.

Lakini binti yake mwenyewe, kaka alimkataza kugusa gari, kwa miaka mingi, wakakosana, hata salamu zikapitia kwa mama. Binti alijifunza kwa siri, akapata leseni mwaka 2017, na Jumapili moja ya mvua majirani walimshusha kaka mgongoni, binti akamwendesha hadi kwenye uwanja mtupu wa maghala, akaongeza mwendo, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilinguruma, likatetemeka, likasimama limenyooka. Kaka akasema, "Kumbe ilikuwa inafanya kazi." Alilia, akasema, "Tena." Walirudia mpaka mvua ikakatika, halafu akarudishwa juu, kwenye chumba kilekile, ila usiku huo alisalimiana na binti yake.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 2 Juni 2024 alfajiri akafariki dunia, mkewe na binti yake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, mpakiaji wake ambaye hakukosa kumtembelea, na majirani wa ngazi zile, ambao migongo yenu tunaijua. Gari la kubeba mwili litaendeshwa na binti yake, kama marehemu alivyoagiza, na kwa kuwa barabara imelowa, tunawaomba mtakaofuata kwa magari mumwachie nafasi ya kutosha.

Lala salama, kaka yetu.