Gachanja wa Bombani

Zima hiyo redio, Thuo, nawe Waithera funga mlango uweke kiti nyuma yake, maana kuta za Shauri Moyo zina masikio, na mengine yamevaa hereni. Pumzi nilizobakiwa nazo ni chache, sitaki kuzigawa na majirani.

Chumba hiki cha baraza la jiji mtakishika ninyi wawili. Cherehani ni ya Waithera, kitanda cha chuma ni cha Thuo, na atakayegombana na mwenzake nitamjia ndotoni. Lililobaki ni huyu mzee aliyesimama mlangoni mwezi uliopita akasema, "Mimi ndiye Gachanja, baba yenu," nanyi mkamchinjia kuku wangu atagaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu kamkuta mwenyeji anakata roho, na swali lake la kwanza likawa chumba kitabaki kwa nani.

"Mama, ni yeye! Ana pengo la jino, anapiga mluzi akifunga viatu, anakumbuka blanketi jekundu alilokufunika asubuhi ya msako." Hayo ni maneno yako, Thuo. Haya niambie, baba yako ulimjulia wapi? Waingereza walipowapakia wanaume kwenye malori kwenda kizuizini ulikuwa ukitambaa, na Waithera alikuwa tumboni. Gachanja wenu nimemfinyanga mimi, pale bombani, nikingoja debe lijae huku jirani yetu Asenath na wenzake wakinichokoza, "Ongeza, Mama Thuo, ongeza!" nami naongeza, maana hadithi bila chumvi hailiki. Lile pengo niliongeza. Mluzi niliuazima kwa fundi viatu wa Kariobangi. Blanketi jekundu! Tulijifunika gunia, wanangu.

Sasa, Thuo, kumbuka ulichonifundisha ulipoiacha seminari, ukinimenyea viazi na kujitapa na wale walimu wa kale wa Kanisa. Ulisema akili ikilijua jiwe, jiwe lenyewe haliingii kichwani. Huingia umbo lake tu, kama pete inavyoacha alama kwenye nta na dhahabu yake ikabaki kidoleni. Nikakuuliza, basi ninachokijua ni alama au pete? Ukacheka: "Pete, mama. Alama ni ya kujulia tu, kama dirisha. Mtu halitazami dirisha, hutazama barabara." Nami nikauliza, mbona basi namwona vizuri hata asiyekuwako? Ukasema kitu chaweza kuishi akilini na nje kisiwepo. Neno hilo nililiweka.

Basi, msomi wangu, safari hii umelitazama dirisha, tena lililochorwa na mama yako. Mzee huyu hafanani na Gachanja, anafanana na maneno yangu, hata yale ya uongo. Na anayefanana na uongo wangu hakutoka kizuizini, katoka bombani. Namshuku Asenath, ana binamu asiye na makao. Lakini msimtukane, kwa kuwa kushuku si kuona.

Maji, Waithera... Kidogo tu.

Tena najishuku hata mimi. Miaka imekwenda, na huyo Gachanja niliyebaki naye kichwani pengine naye kaingia chumvi. Kwa hiyo, atakapokuja matangani, msimuulize anachokijua. Mlisheni uongo mpya. Mwambieni, "Mama alisema ulikuwa mpole, hukumkaripia hata mara moja, na kila Jumapili ulimwosha miguu." Akiitikia kwa kichwa na kufuta machozi, mwonyesheni njia ya kwenda zake. Lakini akiruka, akafoka, "Mwanamke yule alikuwa mwongo tangu ujana wake!" hapo... hapo msimwache aende. Picha ya kichwani haibishani na mwenye kichwa. Mtu hubisha.

Leteni viganja niwatemee mate ya baraka, kama mama yangu alivyonitemea... Mzae. Mshibe. Mpendane, na komeo mlifunge... Naye akibisha, wanangu, akinitukana vizuri... kiti hicho cha mlangoni... mpeni akae.