Taa ya Kulia

Benchi la Sabitri, muuza chai, limewekwa pale barabara ya Pokhara inapopinda kuingia mji wa Damauli, huko Nepali, ili wasio na kazi wapate kuwakagua wenye kazi. Asubuhi hiyo wakaguzi walikuwa wawili: Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndicho kitu alichokikosa siku aliyostaafishwa, na Hakimu, fundi cherehani ambaye hajaendesha hata baiskeli, ila hukumu zote za barabara hutoa yeye. Katikati yao alikaa Lokendra, chai imempoea mkononi. Kesho bosi wake, madam Annika, raia wa Finlandi wa mradi wa maji, angefanya mtihani wa udereva. Akipata leseni, mradi hauna haja tena ya dereva. Na aliyeagizwa kumfundisha ni Lokendra huyohuyo. Roho ilimuuma, wala hakujaribu kuficha.

— Hongera, mwalimu, alisema Hakimu. Wengine huachishwa kazi tu. Wewe umepewa na kozi ya kuendesha.

— Mfundishe kinyume, alishauri Breki. Mwambie ng'ombe akilala barabarani, unampigia honi mpaka aombe radhi.

— Ameshasoma kitabu chote, kaka, alisema Lokendra. Anakijua kumshinda hata trafiki.

— Kitabu kinajua nini kuhusu honi? Moja ni salamu. Mbili, nipishe. Tatu, unanijua mimi ni nani?

— Na nne?

— Nne, mjomba wangu ni waziri.

— Hatapita, alikata Hakimu. Hawa wakiona mstari mweupe, miguu inaganda. Nasikia kwao taa nyekundu ikiharibika, mtaa mzima unazeekea hapo hapo, na hakuna anayelalamika.

— Umesikia wapi? aliuliza Breki.

— Nimeshona suruali ya mmoja wao.

Annika alitokea ng'ambo ya barabara, kitabu cha sheria kwapani. Alikaa ukingoni mwa benchi, Sabitri akampa chai.

— Jamani, nimekwama kwenye jambo moja. Lori lililo mbele yangu likiwasha taa ya kulia, maana yake nini?

— Pita, kweupe, alisema Breki.

— Linakata kulia, alisema Hakimu.

— Wewe fundi, nyamaza! Miaka thelathini nimewaruhusu watu kwa taa hiyo!

— Na ulipokata kulia uliwasha ipi?

Breki alikuna kidevu.

— Hiyo hiyo.

Annika alimgeukia Lokendra.

— Sasa nitajuaje ni ipi?

Hapa ndipo angeweza kumtisha, na kazi ikabaki yake. Lokendra alifungua mdomo ajibu kitaalamu, akagundua hana jibu. Miaka kumi na minne alikuwa anapita tu.

— Wewe unajuaje, kaka Loke?

— Kusema kweli, madam... sijui.

— Miaka miwili unanibeba nimelala kiti cha nyuma, na hujui?

Benchi zima liliangalia barabara.

Annika alinyoosha mkono. Lokendra alimkabidhi funguo za gari la mradi, akaingia upande wa abiria. Mbele yao lori lilikuwa linatoka, taa ya kulia inawaka. Kwa mara ya kwanza maishani, Lokendra alifunga mkanda.