Severina Kalinga na Mito Yake ya Pini

Padre, ndugu, jamaa na majirani wa Mlandege, Tumsifu Yesu Kristo. Anayewasomea ni Aroni, mdogo wake marehemu, aliyeomba mwenyewe kusoma, ingawa hastahili.

Severina alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Ipogolo, Iringa, akasoma shule ya msingi mwaka 1969 hadi 1975, kisha masista wakamfundisha kushona, na mmoja wao alipostaafu alimwachia mto wa pini wa mti, umechongwa mfano wa mtu, tumboni umeshindiliwa pamba ya kuchomekea sindano.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Didas, huko Iyunga, Mbeya, wakajaliwa mtoto mmoja, Jofrey, na Severina akafungua kibanda cha cherehani, na kila aliposikia fundi mzee amefariki alikwenda kuomba vifaa vyake vya mti, vigurudumu vya uzi na mito ya pini, vikafika arobaini na moja, akawa anavipaka mafuta kila Jumamosi.

Julai 2009 Aroni alimtembelea na binti yake Anjela, wa miaka minne, mtoto akashikwa na homa, Severina akasema, “Mdogo wangu, mpeleke hospitali leo hii,” Aroni akajibu ni uchovu wa safari, akangoja siku mbili, na tarehe 19 mtoto akafariki. Msibani shangazi yetu alikiona kile kisanamu chenye pini tumboni, akapiga yowe, “Si Anjela huyo?” Aroni alikuwa na cheti cha daktari mfukoni, kimeandikwa malaria, na kwamba mtoto alicheleweshwa, lakini alinyamaza, tena ndiye aliyeleta mafuta ya taa ya kuchomea vile vifaa vyote vya mti, na Severina akalazimishwa kuwasha kiberiti mwenyewe.

Didas akamfukuza, sisi kwetu tukamfungia mlango, akapanga chumba hapa Mlandege, wateja wakimkwepa, watoto wakimzomea, “Mama Pini, umemchoma nani leo?”

Mwaka 2023 aligundulika na saratani, Aroni akaenda kumwona, akaulizwa, “Siku ile daktari aliandika nini?” akamjibu, “Pumzika, dada, usijichoshe.” Alifariki tarehe 2 Juni 2024, hajajibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na jirani yake Evarista, aliyemwogesha wakati ndugu tuliogopa kumgusa. Hakuwa mchawi. Mlidanganywa na Aroni.

Dada Severina, pumzika kwa amani tuliyokunyima.