Nguruwe wa Kisiwa cha Liombo Walipelekwa na Mtu

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu huko Kabondo, Tshopo, Yanonge, na kando zote za mto ambako sauti hii inafika. Sogeeni karibu na redio kabla courant, huu umeme wetu, haijatukimbia. Leo tunamkumbuka Papa Émile Bolamba, mtu aliyepeleka nguruwe kwenye kisiwa cha Liombo. Narudia, maana mji huu una masikio mazito: Papa Émile Bolamba. Yeye ndiye aliyewapeleka.

Narudia kwa sababu nimechoka. Tangu afariki, watu wananipigia simu hapa studio, kila mmoja na hadithi yake. Mmoja anasema nguruwe wa Liombo walikuja wenyewe, wamekaa juu ya Kongo ya Sika, yale majani yanayoelea mtoni. Mwingine anasema waliachwa na wazungu. Mwingine, na huyu ni mtu wa kwenda kanisani kila Jumapili, anasema waliogelea kutoka Isangi. Jamani! Nguruwe mzima, amekaa juu ya majani, anasafiri, anatazama kushoto na kulia kama mheshimiwa? Mnyama hafiki kisiwani bila mtu kutoka jasho.

Bon. Sikilizeni vile ilivyokuwa.

Papa Émile alikuwa mtoto wa wavuvi wa Yanonge, lakini aliishi hapa mjini, commune ya Tshopo. Nyuma ya nyumba alifuga nguruwe. Kisha ikaja peste ya nguruwe, ule ugonjwa usiogusa mtu, ila nguruwe unawamaliza, na dawa hauna. Walikufa Tshopo. Walikufa Kabondo. Banda la Papa Émile likabaki tupu. Na majirani walifanya nini? Walichinja nguruwe wagonjwa haraka haraka, wakauza nyama sokoni. Aliyenunua akabeba ugonjwa mpaka kwao, akatupia nguruwe wake mabaki ya sahani. Jambo hilo lilimuudhi Papa Émile maisha yake yote. "Ugonjwa haikukuja na miguu," alikuwa anasema. "Ilikuja ndani ya kitunga."

Alors, akafikiri juu ya Liombo. Kisiwa kile kiko katikati ya mto, na wakati ule kilikuwa na vibanda vya wavuvi, kuku wachache na mbu. Nguruwe hata mmoja hakuwepo. Papa Émile akasema mto ndio uzio mzuri, hauozi na hauibwi. Akaenda mbali, mpaka Yahuma, ambako peste ilikuwa haijafika. Akapata jike lenye mimba na dume changa kutoka nyumba nyingine. Akawaleta kwa miguu mpaka mtoni. Watu wakamcheka sana: "Émile anapeleka nguruwe vacances, wapumzike!"

Kwenye pirogue, mtumbwi wake, jike lilikataa kulala. Likasimama, maji yakaingia. Mke wake, Mama Fanny, alikuwa nyuma anapiga kasia. Yeye mwenyewe alinieleza: "Papa journaliste, alivuta liputa yangu, kitenge ya Pasaka, ile mupya, akafunga nayo macho ya nguruwe. Njo ikatulia. Mimi nilisema, huyu mwanaume iko mugonjwa wa kichwa. Na liputa sikuiona tena!"

Ndivyo nguruwe walivyofika Liombo, wasikilizaji wapendwa. Kwa pirogue, jike limefungwa macho kwa liputa ya Mama Fanny. Mbuzi na bata walifuata baadaye, kwa mkono uleule. Majani ya mtoni hayakuhusika.

Kisha Papa Émile akahamia kisiwani na mke wake, akaweka sheria. Pale libongo, mahali pirogue zinapotia nanga, aliweka pipa la maji ya sabuni na javel, ile dawa ya kuua vijidudu, pamoja na brosi ya kusugulia. Kila anayeshuka ananawa miguu. Nyama ya nguruwe haishuki. Nguruwe wa nje hashuki. Nguruwe wa Liombo akivuka mto, harudi. Pasteur alinawa. Askari alinawa, akinung'unika. Mimi nilipokwenda kumhoji, alifungua sac yangu, mfuko wangu wa safari, akatoa mkate wangu wenye saucisson, soseji ya nguruwe, akautupa motoni nikiwa natazama. Nilikuwa sijala tangu asubuhi! Binti yake Joëlle aliniambia, "Vumilia tu, papa. Baba anachokesha watu wote, hata Mungu."

Lakini peste iliporudi, mlilia tena Kabondo, mlilia tena Tshopo. Liombo hawakulia. Mama Virginie wa Kabondo, aliyekuwa amepoteza nguruwe wake wote, alianza upya na watoto wa nguruwe wa kule. Anasema, "Zangu zote ni wajukuu ya ile ya liputa." Na wengi wenu mnaonisikiliza mnafuga wajukuu haohao, halafu mnanipigia simu kuniambia habari za Kongo ya Sika.

Sasa tufike kwenye kifo chake. Hapa nitajaribu kutulia.

Papa Émile alikuja mjini kutibiwa moyo. Mama Fanny alibaki kisiwani, maana nguruwe hawajilishi. Mwezi uliopita mzee alifariki, nyumbani kwa Joëlle. Mume wa Joëlle anaitwa Nzanzu, mfanyabiashara, mtu mwema. Mnajua desturi yetu. Mkwe haji kwenye matanga mikono mitupu. Analeta mnyama, tena mzima, watu wote wamwone. Nzanzu akanunua nguruwe mnono hapa mjini, akampakia kwenye baleinière, ile boti kubwa ya mbao iliyokuwa inampeleka mzee kuzikwa, kando ya sanduku la maiti.

Ndiyo. Nguruwe wa mjini. Kwenda Liombo. Pamoja na Papa Émile!

Nilikuwa ndani ya baleinière ile. Nikauliza, jamani, huyu mnyama anakwenda wapi? Tonton mmoja, mzee wa ukoo, akanijibu, "Monsieur, matanga si micro ya redio." Nzanzu naye akasema, "Bokilo yangu, baba mkwe, alipenda nguruwe. Nilete nini? Samaki? Kwa wavuvi?" Kwaya ikaendelea kuimba. Wote walijua sheria. Wote walimwonea mkwe haya. Nguruwe akakojoa, mkojo ukapita chini ya sanduku, na kwaya bado inaimba.

Mama Fanny alikuwa amesimama libongo, anamngoja mume wake. Akaona sanduku. Akaona nguruwe. Akaingia majini mpaka magotini, akainua mikono.

"Musitie! Rudisheni!"

"Mama, iko papa ndani!" Joëlle akalia.

"Najua. Rudisheni."

Tulirudi mpaka ng'ambo, na maiti yetu, na aibu yetu. Nguruwe akashushwa kule, akabaki. Baleinière ikasuguliwa kwa javel. Tulipotia tena Liombo, jua lilikuwa linashuka. Tukanawa, mmoja mmoja, Nzanzu akiwa wa kwanza, kichwa chini. Kisha Mama Fanny akachukua brosi, akapiga magoti, akasugua sanduku la mume wake chini na pembeni. Alikuwa analia, mkono haukusimama. Nilimsikia.

"Hata weye, Émile. Sheria iko yako. Nawa kwanza, kisha ingia kwako."

Kuna wanaosema alimdharau maiti. Nimewasikia, na wamenichosha kuliko wale wa Kongo ya Sika. Nguruwe wale ndio kazi yote aliyoacha yule mtu. Kama yule nguruwe wa mjini alikuwa mgonjwa, sijui. Alikuwa mnono. Wale waliotuletea ugonjwa mara ya kwanza walikuwa wanono pia.

Kwako Mama Fanny, kwako Joëlle, kwako Nzanzu, na kwa ukoo wote wa Bolamba: poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na ninyi wengine, fikirini. Jumamosi hii ni kuondoa matanga, na najua wengi mnakwenda Liombo. Nendeni na mchele, chumvi, sukari, sabuni. Nyama ya nguruwe iacheni nyumbani, hata kipande, hata ndani ya mkate. Mkifika libongo mtamkuta mjane na pipa lake. Msimwambie mna haraka. Msimwambie ninyi ni ndugu wa marehemu. Marehemu mwenyewe alinawa.