Historia ya Bi Sahani wa Kijitoni

Wapendwa ndugu, majirani na watumishi wa Mungu mliofika, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, niwasomee maisha ya dada yetu, nami shule yangu iliishia darasa la saba, basi nikijikwaa mnichukulie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa fundi mwashi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kijito, ambacho siku hizo tulikioga, tukakinywa, na mawe yake tulisugulia visigino. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, mwaka ambao mama alifariki, naye kwa miaka yake kumi na mitatu akawa ndiye mama, akinipakulia katika sahani ya marehemu mama, ya bati, nyeupe, yenye ua jekundu katikati, na nikideka aliniambia, "Kula mpaka ulione ua."

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari, akaosha chupa huko hadi alipostaafu mwaka 2016, na huko ndiko alikomwona mwalimu akipima uchafu wa maji kwa kuzamisha kisahani cheupe. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, ambaye hupenda kusema kwamba saa za mtaa mzima alizitengeneza yeye lakini aliyemwamsha ni mkewe, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Kuanzia mwaka 1997, kila Jumamosi, alisimama kwenye kidaraja, akaiteremsha majini sahani ile ile ya mama kwa kamba yenye fundo kila shibiri, mpaka ua lipotee machoni, kisha akaandika daftarini limepotea fundo la ngapi. Watu walimtania, "Bi Sahani, leo unawapakulia samaki nini?" naye akawajibu, "Nipakue nini, na wageni wenyewe mmewafukuza?"

Mwaka 2021, katika uchaguzi mdogo, aligombea udiwani, akiahidi jambo moja tu, kijito kisafi, kwa sababu mwaka ule ua lilikuwa likipotea hata kabla ya fundo la kwanza. Hapa, mbele za Mungu na mbele ya jeneza hili, nakiri kosa langu, kwamba kwa miaka kumi na moja gereji yangu ilimwaga oili chafu kijitoni kwa bomba nililolipitisha chini ya uzio. Tarehe 10 Oktoba, katika mkutano wa mwisho wa kampeni, mpambe wa mpinzani wake alisimama akauliza oili ile inatoka kwa nani, nami niliyekaa mstari wa pili nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Dada akajibu, "Inatoka kwa mdogo wangu. Niliwasema wengine, wa kwangu nikamwonea haya." Alishindwa kwa kura kumi na tisa, na jioni ile alinipakulia chakula. Kesho yake nililiziba lile bomba, nikaweka mapipa, na gereji mbili za jirani zikafuata.

Alianza kuugua moyo Novemba 2023, akalazwa, akanikabidhi sahani na daftari. Jumamosi moja nilivivia kwenda, nikamdanganya kwamba nimeliona ua mpaka fundo la nne, akacheka hadi akakohoa, akasema, "Hujaenda wewe, jana mvua ilinyesha." Mungu alimchukua tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliolala nasi msibani, walimu na wafanyakazi wenzake wa maabara, na wale wote waliompigia kura, na hata wasiompigia, kwa kuwa nimewaona hapa.

Dada, leo asubuhi, kabla hatujaja kukuchukua, nimekwenda kweli. Mvua haijanyesha. Nimeliona ua mpaka fundo la tatu, nikaandika tatu.

Pumzika kwa amani.