Wacera, Mpiga Picha wa Munyaka, na Lenzi Iliyolegea

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Punguzeni kelele kidogo nyumbani, mvute viti karibu na redio. Jioni ya leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa kwetu Eldoret. Jina lake ni Wacera Nderitu, mpiga picha wa mtaa wa Munyaka. Wengi wenu mlimjua kama Mama Njambi. Alituacha mwezi uliopita, mwezi wa tano mwaka huu wa 1991, akazikwa katika shamba la familia upande wa Moi's Bridge.

Kama ulioa Munyaka, huenda yeye ndiye aliyekupiga picha ya harusi. Kama ulibatiza mtoto, ni yeye. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mume wake, Mzee Ephantus Nderitu. Mbele wateja wananunua sukari na mafuta ya taa. Nyuma, pazia jekundu, stuli, na ukuta uliopakwa rangi ya mbingu.

Lakini wasikilizaji, leo hatutasimulia harusi. Familia yake imetuomba tusimulie jambo moja lililomtesa mama huyu mpaka mwisho wake. Binti yake, Njambi, alituambia hivi: "Mama alikuwa akisema, mkinisifu tu mtakuwa mmedanganya. Semeni na ile ya Eliakim."

Basi tuseme na ile ya Eliakim.

Wacera alikuja Eldoret kutoka Nyeri akiwa bibi arusi. Kwa miaka mingi alitumia kamera ya zamani, ile ambayo kila kitu unakizungusha kwa mkono. Halafu mwalimu mmoja mzungu, aliyekuwa anarudi kwao, akamwachia kamera ya kisasa. Hiyo ilikuwa inafikiria yenyewe. Unabonyeza, lenzi inalia kidogo kama nyuki, inajipanga, inapima mwanga, inapiga. Kati ya lenzi na mwili wa kamera kulikuwa na vidoti vidogo vya shaba vilivyopitisha umeme. Vikigusana, mambo ni sawa. Wacera aliipenda kamera ile. Ile ya zamani akampelekea dada yake Nyeri.

Sasa sikilizeni. Mwaka ni 1988, msimu wa mvua. Jirani yao Munyaka alikuwa Eliakim Ouma, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Mke wake ni mwalimu Selpha, ambaye bado anafundisha shule ya msingi hapa mjini. Eliakim alikuwa mgonjwa. Figo zilikuwa zimechoka. Daktari alikuwa amemwambia Selpha kando, kwa upole, ajitayarishe.

Eliakim naye alikuwa ameshajua. Alimwita Wacera, akamwambia, "Mama Njambi, maisha yangu yote nimepigwa picha mara moja tu. Ya kipande, kile kitambulisho. Huyu kijana wangu Nicanor hata meno hajaota. Nataka siku moja ajue baba yake alikuwa anasimama aje."

Wakapatana iwe Jumapili, baada ya kanisa.

Siku hiyo jua lilitoka. Selpha alimwogesha mume wake, akamnyoa, akamvalisha suti ya bluu. Suti ilikuwa imemzidi, ikabidi aibane mgongoni kwa pini. Wakamtolea kiti nje. Eliakim akakikataa.

"Nitasimama," alisema. "Nimeketi vya kutosha."

Akasimama. Akambeba Nicanor kwa mkono mmoja. Selpha kando yake, na watoto wao wawili wakubwa mbele. Wacera akainua kamera, akabonyeza.

Lenzi haikulia.

Akabonyeza tena. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Wacera akaishika lenzi, akahisi inacheza mkononi, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akaizungusha kidogo. Kamera ikapiga. Akaendelea kupiga. Kila mara anasikia ule mlio haupo, na kila mara anajiambia labda ni masikio yake. Mbele yake ni Eliakim, bado amesimama. Jasho limemjaa usoni. Lakini anatabasamu, na ameshikilia lile tabasamu kwa nguvu zote alizobakisha.

Wasikilizaji wapendwa, Wacera alijua kuna kasoro. Hilo hakuwahi kulikana. Njambi anakumbuka maneno ya mama yake: "Niliona aibu. Mtu amejikaza vile, nitamwambiaje angoje nikague kamera? Nikanyamaza nikapiga."

Alinyamaza, akapiga.

Kesho yake aliingia kwenye chumba cha giza, akaisafisha filamu. Mwanzo wa filamu ulikuwa na picha za ubatizo wa juma lililotangulia. Hizo zilitoka safi. Kisha zikaja za Eliakim. Kuanzia hapo kanda yote nyeusi tititi. Ukijua kazi hii, unajua maana yake. Mwanga umeingia kupita kiasi. Ukichapa kwenye karatasi, picha inatoka nyeupe kama imemwagiwa uji.

Wacera alikaa juu ya debe, akalia. Mzee Ephantus alimsikia kutoka dukani. Anasema, "Niliingia nikamwambia labda ni dawa imeharibika. Akasema hapana, dawa ni ileile iliyosafisha za ubatizo. Akapangusa uso, akaniambia nimletee betri mpya."

Hivyo ndivyo alivyoanza kuitafuta kasoro. Aliweka betri mpya. Hali ileile. Akafungua mgongo wa kamera bila filamu, akaielekeza dirishani, akachungulia ndani huku anabonyeza. Ndani ya lenzi kuna tundu. Kwenye jua kali tundu hilo hujibana, kama jicho la paka mchana. Lakini sasa halikujibana. Lilibaki wazi, limekodoa. Ndiyo maana mwanga wote wa Jumapili ile ulimwagika ndani.

Akaisukuma lenzi upande wa kushoto, akaishikilia hapo. Akabonyeza. Tundu likajibana vizuri. Akaiachilia. Tundu likabaki wazi. Akarudia mpaka akawa na hakika. Lenzi ilikuwa nzima, na kamera ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa pale zinapokutana.

Akaitoa lenzi. Vile vidoti vya shaba vilikuwa na uchafu, akavisugua kwa kifutio cha penseli. Kamera ikafanya kazi kidogo, halafu ikagoma tena. Ndipo alipopitisha kidole gumba kwenye ile pete ya chuma inayoshika lenzi. Upande mmoja pete ilikuwa imeinuka. Imeinuka unene wa ukucha tu. Skrubu moja haipo, na jirani yake imetoka nusu. Umeme ulikuwa unakatikia kwenye pengo hilo.

Hapo akakumbuka harusi moja kule Moi's Bridge. Kamera ilianguka kutoka mezani. Aliiokota, akaipangusa vumbi kwa leso, akaona haina mkwaruzo, akaendelea na kazi. Kumbe tangu siku ile skrubu zilikuwa zikilegea polepole.

Alimpelekea Khisa, fundi wa saa aliyekuwa akikaa karibu na soko. Khisa anatuambia, "Nilimtafutia skrubu ya saa kubwa. Ilikuwa ndefu, nikaikata. Nikakaza zote. Mama akaijaribu papo hapo, lenzi ikalia vizuri. Nilidhani atafurahi. Alisema tu, asante Khisa, na uso wake ulikuwa mbali."

Hakutaka kubahatisha tena. Alimpiga mume wake picha mbele ya duka, akasafisha, akachapa. Zilitoka safi, hata nywele za masharubu unaziona. Ndipo akavaa koti, akaenda kwa Selpha.

Walikutana mlangoni. Wacera hakuzunguka. "Mwalimu, zile picha zimeharibika. Lenzi ilikuwa imelegea. Nilisikia kasoro siku ileile na sikusema."

Selpha akauliza, "Zote?"

"Zote."

"Na sasa?"

"Sasa imetengenezwa. Nimekuja turudie."

Selpha akampisha, akaingia. Eliakim alikuwa amelala. Kwa siku hizo chache tu, ugonjwa ulikuwa umezidi mbio. Uso umevimba, macho yamebaki mistari. Wacera alimweleza. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Mama Njambi," akasema, "hii uso sio yangu. Watoto wasinikumbuke hivi."

"Tunaweza kukuinua kidogo, Baba Nicanor. Mwanga wa dirisha ni mzuri."

"Wacha. Ngoja Jumapili. Uvimbe itashuka, nitasimama tena."

Wacera aliweka kamera begani. Alitamani kumbembeleza, akashindwa. Akasema sawa, Jumapili.

Eliakim Ouma alifariki Jumamosi asubuhi.

Wasikilizaji, fikirieni nyumba ile. Watu wanaingia, wanatoka. Gari la kupeleka maiti nyumbani kwao kijijini, upande wa ziwa, linatafutwa. Na picha ya kuweka juu ya jeneza haipo. Wacera alijifungia kwenye chumba cha giza na ile kanda nyeusi. Aliipitishia mwanga muda mrefu sana, karatasi baada ya karatasi, akitafuta chochote. Mwisho akapata kivuli. Mtu mrefu, amesimama, ana mtoto mkononi. Uso hauna macho wala mdomo. Ukungu mtupu.

Akampelekea Selpha. Selpha aliishika ile karatasi, akaitazama, akamrudishia.

"Huyu si Eliakim," alisema. "Huyu ni moshi."

Ikabidi watumie kipande. Wacera ndiye aliyekipiga picha, akaikuza. Kamera ilifanya kazi bila kosa lolote. Ilinasa hata ukingo wa muhuri. Eliakim akasafirishwa na uso ule wa kipande, ametoa macho kama mshtakiwa. Hivyo ndivyo Nicanor anavyomjua baba yake mpaka leo.

Baada ya hapo wanawake hawa wawili hawakugombana. Laiti wangegombana. Walipishana njiani, Selpha anasema "habari," anaendelea na safari. Wacera anajibu "mzuri," anasimama, anamtazama mgongo. Miaka ikapita namna hiyo.

Kazini alibadilika. Kabla ya kutia filamu alifungua kamera mbele ya watu, akachungulia, akasikiliza. Akiwa na shaka kidogo tu, alisimamisha shughuli. Kuna harusi ya Moiben ambapo alimwacha bibi arusi amesimama juani huku anakaza skrubu. Wazee wakanung'unika. Mmoja, Mzee Kipyego, alimwambia, "Mama, unatuchelewesha. Ng'ombe wanangoja kukamuliwa." Wacera akamjibu, "Nitukane leo, Mzee. Kesho hutakuwa na sababu." Wateja wengine walimhama. Walisema amekuwa na wasiwasi mwingi. Mume wake anasema alimwambia asahau. Hakusahau. Usingizini alikuwa akishtuka na mkono umekunjwa, kama ameshika lenzi.

Halafu yeye mwenyewe akaugua. Saratani ya tumbo. Mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa hawezi tena kwenda studio. Chakula kilimkataa. Njambi alipika kila aina, mama anageuza uso ukutani.

Alasiri moja mlango ukabishwa. Njambi alifungua, akamkuta mwalimu Selpha ametoka shuleni, chaki bado kwenye vidole, ameshika sufuria ya uji wa wimbi iliyofungwa kwa leso. Hakuna aliyemwita. Aliingia chumbani, akavuta stuli, akakaa kando ya kitanda.

Njambi alikuwa amesimama mlangoni. Alituambia alichosikia, na tunamwamini.

Mama yake alisema, "Mwalimu, umenisamehe?"

Selpha alikuwa anakoroga uji upoe. Hakuinua macho. Akajaza kijiko, akakipeleka karibu.

"Kula kwanza," alisema.

Na Wacera akala. Si sana. Lakini alikula.

Selpha alirudi siku iliyofuata baada ya vipindi, na siku zilizofuata. Alimlisha, akampangusa mdomo, akaosha sufuria yake, akaenda. Lile swali halikuulizwa tena, wala halikujibiwa. Mwisho, uji nao ulikataa. Selpha aliendelea kuja na kukaa tu, mpaka asubuhi ile alipokuta watu wamejaa uani.

Tulimtembelea mwalimu Selpha tulipokuwa tunatayarisha kipindi hiki. Tulimwomba neno lolote kuhusu marehemu. Akasema, "Mimi sina hotuba. Semeni tu kwamba nilimlisha."

Tumesema, mwalimu.

Kwako Mzee Ephantus Nderitu, kwako Njambi, na kwa jamaa wote wa Munyaka, Moi's Bridge na Nyeri, poleni sana. Duka lenu na lile pazia jekundu tutavipita kwa heshima. Kwako mwalimu Selpha na watoto wako, poleni pia, maana msiba wenu wa zamani tumeufungua tena hewani, kwa ruhusa yenu. Mungu awashike mkono.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio, fikirieni kidogo. Pengine kuna kitu umesikia kimelegea, kazini au nyumbani kwako, na umeona aibu kusema kwa sababu watu wamejikaza wanakutazama. Na pengine kuna mlango unaoupita kila siku kwa "habari" tupu. Mama Wacera Nderitu amekwenda na swali lake. Walio hai bado wana nafasi ya kuuliza, na ya kujibu. Usiku mwema.