Loisi Ndahani, Mtunza Minasanzi wa Hombolo

Baba Mchungaji, viongozi wa kijiji, shemeji yangu Ernest, watoto, na ninyi nyote mlioacha palizi mashambani mkaja kutusitiri, familia imenituma mimi Gaudence Ndahani, mdogo wake marehemu na mwalimu mstaafu, niwasomee maisha ya dada yangu, huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akiwa shambani.

Loisi Ndahani alizaliwa hapa Hombolo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati yetu wawili kwa marehemu mzee Ndahani na marehemu mama Zipora. Alianza darasa la kwanza mwaka 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, nafasi ya sekondari hakuipata, akabaki nyumbani kulima mtama na uwele, na miaka yote niliyojidai na ualimu wangu hakuchoka kuwakumbusha watu nani alinifundisha kuhesabu.

Mwaka 1980 alikwenda Makutupora kama kibarua wa msimu wa kuvuna zabibu, mkono wake ukaonekana, na mwaka 1983 akaajiriwa katika kitalu cha miche, akadumu huko hadi mwaka 2010, miaka ishirini na saba ya kukata pingili, kujaza viriba na kumwagilia, hata ikafika mahali wakulima wakifika kununua wanauliza kwanza mche upi umepita kwa Loisi.

Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na ndugu Ernest Matonya, fundi mwashi, wakaishi Kikuyu, Dodoma mjini, na Mungu akawajalia watoto watatu, Generosa aliyezaliwa mwaka 1986, Luka mwaka 1989 na Paulina mwaka 1994, na wajukuu sita. Alipoacha kazi walirudi hapa, katika shamba alilotuachia baba, lenye ule mwamba mnaouona pale nyuma ya zizi, ambao kila masika huchuruzika maji tangu Januari hadi Mei.

Sasa nifike kwenye jambo lililowafanya baadhi yenu mseme kwamba mama Generosa anafuga majani yanayokula nyama. Februari 2011 alikuja binti wa chuo kikuu, Amina, mzaliwa wa Kondoa, ambaye leo yupo nasi, akaomba kuuona mwamba, akapiga magoti kwenye maji na kumwonyesha dada vimea vyekundu visivyozidi kidole, vyenye vinywele vya ulimbo, vikiwa vimenasa nzi na mbu na kuwayeyusha taratibu. Tulivikanyaga tangu utoto bila kuviona. Amina alisema, "Mama, vimea hivi vinataka mahali pa maji safi na udongo maskini, na mahali pa namna hiyo panazidi kupungua," na dada, ambaye hakupenda kitu kizuri kikose jina la nyumbani, akaviita minasanzi.

Mtu wa zabibu ni mtu wa samadi, na hapo ndipo alipokosea. Januari 2012 aliiotesha katika mabeseni manne, akaipa samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ile aliyoipa miche yake ya heshima, na kabla ya wiki mbili kuisha yote ilikuwa myeusi. Mwaka uliofuata aliacha samadi, akamwagilia maji ya kisima, mchanga ukaota chumvi nyeupe, ikafa tena. Alimpigia simu Amina karibu alie, ndipo akaelezwa kwamba mmea huu chakula chake hukitafuta wenyewe, na anayeulisha mizizi anauua. Dada alicheka mpaka akakaa chini, akasema miaka ishirini na saba amelipwa kulisha mimea, leo amepata mmoja unaoomba kuachwa na njaa. Mwaka 2014, kwa mchanga mtupu wa korongoni na maji ya mvua aliyoyakinga kwenye mapipa chini ya mabati, minasanzi ilitoa maua, naye akakusanya mbegu, laini kama vumbi, akazihifadhi katika bahasha za dawa ndani ya kopo la majani ya chai.

Nisingependa kusoma sehemu inayofuata, lakini historia ya mtu isomwe yote. Agosti 2018 kanisa letu lilitafuta mawe ya msingi wa nyumba ya katekista, dada akiwa mjini kwa Paulina aliyejifungua, nami kwa kutaka sifa nikasema mwamba ni wa urithi wetu, chukueni. Walivunja ukingo wa juu siku mbili. Aliporudi hakunigombeza, na tangu siku hiyo hadi Krismasi aliitikia shikamoo yangu na basi, neno jingine hapana. Januari 2019 mvua ilinyesha, maji yakapita upande mwingine, mwamba ukabaki mkavu na hapakuota hata mnasanzi mmoja.

Shemeji Ernest ndiye aliyetupatanisha, kwa kazi, si kwa maneno, kwani alinipa ndoo na kuniambia, "Mwalimu, uliyebomoa utabeba udongo." Mwaka huo wote wa 2019 alijenga upya ukingo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, bila saruji, maana Amina alionya kwamba saruji ingeyaharibu maji, nami nilibeba ndoo nikiwa na miaka hamsini na sita, na mgongo wangu ni shahidi. Januari 2020 maji yalirudi mahali pake, dada akapanda mbegu za kwenye kopo, ikaota kumi na mmoja, na kila mwaka akaendelea kupanda.

Mwezi Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Dodoma mjini, akapata nafuu, na Septemba 2024 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Hofu yake alinieleza waziwazi, kwamba minasanzi huishi msimu mmoja na kufa, na kama inaota kwa sababu yeye anaipanda, basi mwamba utabaki mtupu mwaka ule atakaoondoka. Akaamua jambo lililotutisha, akakataza mtu yeyote asipande mbegu Desemba, tungoje tuone kama mwamba utajiotesha wenyewe. Kila siku alituuliza, na kila siku tulijibu bado.

Jumamosi tarehe 15 Februari 2025 mimi na Generosa tulikwenda pale mwambani, tukapiga magoti, tukahesabu kwa vijiwe ili tusikosee, tukapata minasanzi mia moja sitini na mitatu, tukarudi mbio kumwambia. Aliuliza, "Na vile vidogo mmehesabu?" Tukasema vidogo hatukuviweza. Alifumba macho, akatabasamu, akasema, "Basi hainihitaji tena," na sijapata kumwona mtu aliyefurahi kiasi kile kwa kutohitajika. Alifariki dunia nyumbani siku ya Alhamisi tarehe 20 Februari, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Makutupora, Amina aliyesafiri tangu alfajiri, na majirani mliotupikia na kulala nasi msibani. Mwisho nawashukuru wachimba kaburi, ambao jana waliniuliza mawe ya kujengea wayatoe wapi, wakauelekeza mkono kwenye mwamba, ulio hatua mia mbili tu kutoka hapa. Niliwaambia jiwe halitoki pale, hata la kaburi lake. Wakayasomba kutoka korongoni kwa mkokoteni wa ng'ombe, safari saba, nyingine leo asubuhi, ndiyo maana ibada tuliyoitangaza saa tano imeanza saa nane nanyi mmekaa juani. Kosa hilo ni langu, nawaombeni radhi, na safari hii sijutii.

Pumzika kwa amani, dada yangu.